Jeuri Tisa za Transfoma Ndogo

Taja transfoma hapa mtaani kwetu Bondeni na wazee watainua macho kuelekea nguzo. Wana haki. Kenya ina kisa kirefu na transfoma za nguzoni: zimeibwa shaba, zimenyonywa mafuta yakaenda kukaangia chipsi, na tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaiangukia transfoma, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Wanyamapori. Waliopoteza nyama kwenye friji hawakuchukuliwa na mtu.

Lakini tumbili ameshasifiwa vya kutosha. Zamu ya leo ni ya transfoma nyingine, ile iliyojificha ndani ya chaja ya simu, king'amuzi, inveta ya kinyozi na amplifaya ya matatu. Hiyo haitaki wimbi la pole la hertsi 50. Chaja huchukua umeme wa ukutani, volti 240, ikaunyoosha ukawa volti kama 340 za mkondo mnyoofu, halafu mosfeti, yaani swichi ya elektroniki, ikaanza kuukata na kuuachia mara elfu 65 kwa sekunde. Kadiri unavyokata haraka ndivyo kiini cha transfoma kinavyohitaji kuwa kidogo, ndiyo maana chaja ya leo inaingia mfukoni na ile ya redio ya baba ilikuwa nzito ya kutosha kuzuia mlango.

Wanaodhani kukatakata ni uhuni wa siku hizi wakamuulize Michael Faraday. Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, alizungushia koili mbili kwenye pete ya chuma, moja akaiunga na betri. Sindano ya dira kwenye koili ya pili iliruka pale tu alipounga betri na pale alipoitoa. Katikati, kimya. Transfoma ya kwanza ilikuwa ya kukatwa kwa swichi tangu siku ya kuzaliwa.

Sasa kwenye vibanda vya Bondeni kuna kambi mbili. Kijana wa chuo anakuja na laptop yenye LTspice, programu ya bure ya kuigiza saketi ambayo Mike Engelhardt aliitoa mwaka 1999. Babu yake ni SPICE, kazi ya Laurence Nagel na profesa wake Donald Pederson kule Berkeley, iliyotangazwa mwaka 1973. Fundi mkongwe anakuja na balbu, koleo na kiburi. Kijana anasema, "Kwenye kompyuta inafanya kazi." Mkongwe anasema, "Basi mpelekee mteja kompyuta." Mimi naona wote wana kesi ya kujibu. Kompyuta hujibu swali uliloiuliza, na wengi huiuliza kuhusu transfoma ambayo haijawahi kuzaliwa. Hapa chini nimepanga jeuri tisa zinazoitenga transfoma ya kwenye skrini na ya mezani, kuanzia ya kuudhi hadi ya kufilisi.

9. Mluzi

Usiku wa manane chaja isiyo na simu inalia "tiiii" na mwenye nyumba anatafuta panya. Hakuna panya. Chaja isiyo na kazi hukata umeme kwa mafungu ili isipoteze nguvu, na mafungu hayo yakishuka hadi masafa ya sikio la binadamu, kiini na koili vinatetemeka; vanishi ikiwa imelegea, unasikia. Waliokulia mbele ya Greatwall ya inchi 14 wanaujua mlio mwembamba wa runinga: ulikuwa hertsi 15,625, yaani mistari 625 mara picha 25 kwa sekunde. Watoto waliusikia, babu hakuusikia, na babu ndiye aliyekuwa na usemi wa mwisho nyumbani. LTspice haina masikio. Tuendelee.

8. Mita iliyopiga kelele

"Fundi, jana si uliniambia transfoma ni nzima?"

"Mama, mita ilipiga kelele."

"Basi hiyo mita inilipie nauli."

Mama ana hoja. Mita ya mkononi inapima kama waya umekatika, basi. Koili ya mizunguko mia, miwili kati yake ikigusana baada ya vanishi kuungua, inapungukiwa na sehemu ndogo mno ya omu, na mita haioni kitu. Lakini kwa umeme unaokatwakatwa, mizunguko ile miwili ni koili ya pili iliyofungwa shoti, na inanyonya kila kitu. Dawa ni kuipa koili mshtuko mmoja mfupi kupitia kapasita ndogo, halafu utazame kwenye osiloskopu inavyotikisika. Iliyo nzima hutikisika mara nyingi, ikipungua taratibu. Iliyogusana hutikisika mara moja au mbili ikafa. Mafundi wa runinga za kioo kinene walikuwa na vijichombo vya taa kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, ving'amuzi vikaingia, na kila kimoja kikaja na transfoma yake mpya ya kutusumbua.

7. Kipeo cha pili

Transfoma ina mizunguko 20 upande mmoja kwa 1 upande wa pili. Kijana anaandika kwenye kompyuta koili ya kwanza milihenri 2 na ya pili sehemu ya ishirini ya hiyo. Anapata volti ishirini na ushei badala ya 5, kisha anailaumu programu. Indaktansi hufuata kipeo cha pili cha mizunguko: 20 kwa 1 ni 400 kwa 1, kwa hiyo koili ya pili ni mikrohenri 5. Hii ni ya darasani, na aliyekosa siku hiyo tunamjua.

6. Waya mnene wa sifa

Kuna fundi anayeamini dawa ya joto ni waya mnene. Kwa hertsi 50 hakosei, maana mkondo hujaza shaba kwa kina cha milimita 9 hivi kutoka juu. Kwa kilohertsi 100 kina hicho ni milimita 0.2 tu. Katikati ya waya wako mnene hakuna anayesafiri. Umelipia shaba ya mapambo. Sokota nyuzi nyembamba nyingi zenye vanishi, kila moja na ngozi yake. Na ukiandika ukinzani wa koili kwenye kompyuta kwa namba ya mita yako, ujue umeandika ukinzani wa mkondo mnyoofu, si wa huko transfoma inakoishi.

5. Mtekenyo

"Fundi, laptop yangu inanitekenya mkono." Sawa, na chaja ya pini mbili? "Ya pini mbili." Basi, bosi, umekutana na kapasitansi.

Koili mbili zilizolaliana na karatasi katikati ni kapasita, utake usitake. Kila mosfeti inaporuka mamia ya volti, msukosuko unapenya pale karatasini bila kupitia usumaku wowote. Ili msukosuko usizagae hadi redio ya jirani, mtengenezaji huweka kapasita maalumu ya usalama kati ya pande mbili, ya nanofaradi 1 au 2, ya kuurudisha nyumbani. Bei yake ni mtekenyo: sehemu ndogo ya miliampea inayotafuta ardhi kupitia kidole chako. Haiui.

Kinachoua ni fundi, au kiwanda, kuweka hapo kapasita ya kawaida yoyote iliyopatikana kwenye droo. Ile maalumu imetengenezwa kwamba ikifa, ife kwa kukatika. Ya kawaida ikifa hufunga shoti, na hapo simu yako inaongea moja kwa moja na laini ya mtaani. Chaja za bandia zina dhambi nyingine: nafasi kati ya upande wa ukuta na upande wa simu, inayopaswa kuwa milimita kadhaa, hubanwa hadi chini ya moja. Kwenye kompyuta yote haya hayapo mpaka uchore hizo kapasita kwa mkono wako. Kuzipima ni rahisi: funga shoti koili ya kwanza, funga shoti ya pili, pima kapasitansi kati yake. Dakika moja. Sijui kwa nini hakuna anayefanya.

4. Gundi

Ili kusokota upya transfoma lazima uitoe feraiti, yaani kile kiini chake, na feraiti huvunjika ukiikazia macho tu. Fundi mwema huipasha moto vanishi ilegee. Fundi mwenye haraka huvunja, akabandika kwa supa glu, akapaka rangi. Kwa nje inapendeza.

Tatizo ni kwamba kwenye chaja hizi nguvu haikai ndani ya feraiti, inakaa kwenye pengo la hewa katikati ya kiini, pengo la sehemu ya milimita lililopimwa kiwandani. Utando wa gundi ni pengo jingine ambalo hakuna aliyelipima, na indaktansi imeshashuka. Ukiondoa pengo kabisa kwa kudhani ni kasoro ya Wachina, umepanda cheo hadi jeuri inayofuata.

3. Kushiba

Feraiti ilivumbuliwa Tokyo mwaka 1930 na Yogoro Kato na Takeshi Takei, na TDK ikaanzishwa mwaka 1935 kuiingiza sokoni. Sifa yake ni kutopitisha umeme kirahisi, kwa hiyo haichemki ovyo kwenye masafa ya juu. Aibu yake ni tumbo dogo. Chuma cha transfoma ya nguzoni hubeba usumaku wa kama tesla moja na nusu. Feraiti ikikaribia 0.4 imeanza kukataa, na ikifika joto la nyuzi 100 hukataa mapema zaidi. Ndiyo maana inveta iliyofaulu asubuhi ya baridi kutoka mlima Menengai inafia mikononi mwa kinyozi saa nane mchana, kichwa cha mteja kikiwa nusu.

Kiini kikishiba, indaktansi huporomoka, na mkondo uliokuwa ukipanda kwa mstari mnyoofu unasimama wima. Mosfeti haina muda wa kuaga.

Kwenye kompyuta, ukiandika indaktansi peke yake umeapa kwamba kiini hakitashiba hadi kiama. Chaja yako kwenye skrini itabeba ampea 50 bila jasho. LTspice inao mfano wa kiini kinachoshiba, kazi ya John Chan, ila unataka namba za kiini chenyewe, na kiini kilichookotwa kutoka ubao uliokufa hakiji na vyeti.

Kwa hiyo tunapima. Chukua volti 30, kapasita kubwa ya kuzishikilia, mosfeti moja, resista ya omu 1, na dayodi ya kuupokea mkondo ukikata. Toa pigo moja tu, fupi, na utazame volti kwenye resista. Koili ya milihenri 2 itafika nusu ampea baada ya mikrosekunde 33 hivi. Mteremko ukiwa tofauti, indaktansi yako ni tofauti. Refusha pigo kidogo kidogo mpaka mstari upinde kwenda juu. Pale unapopinda ndipo kiini kimeshiba. Hakuna volti 340, hakuna moshi, na umepata namba mbili ambazo muuzaji asingekupa hata kwa soda.

Inveta zina kushiba kwao kwa namna ya pekee, na hapa ndipo ninapowatetea vijana kidogo. Inveta yenye chipu ya SG3525 ina makundi mawili ya mosfeti yanayopokezana kuisukuma transfoma huku na huko. Kwenye kompyuta makundi ni mapacha kamili. Mezani, kundi moja hukawia kufunga kwa sehemu ya mikrosekunde, na usumaku unaobaki unaongezeka upande mmoja kila duru hadi upande huo ushibe. Mosfeti za upande uleule zinaungua. Fundi anazibadilisha, zinaungua tena, anabadilisha duka. Dawa ya kuligundua tatizo hilo mapema iko kwenye laptop ya kijana: mwambie arefushe pigo la upande mmoja kwa asilimia 5 halafu aache mwigo uende milisekunde kadhaa. Mapacha wakitengana, tabia halisi itajitokeza yenyewe, na mkongwe naye atasogeza kiti aone.

2. Kibano cha ardhi

Osiloskopu za bei nafuu zimefika, na pamoja nazo umefika mlipuko wa kwanza wa kila mwanafunzi. Kile kibano cheusi cha waya wa kupimia kimeungwa moja kwa moja na pini ya ardhi ya plagi. Upande wa ukuta wa chaja, "hasi" ya kapasita kubwa si ardhi hata kidogo. Inaruka mamia ya volti pamoja na laini. Bana hapo, na umeufungia shoti umeme wa Kenya Power kupitia dayodi za chaja na chombo ulichokinunua kwa mkopo.

Mjuaji mmoja atakuambia ukate pini ya ardhi ya osiloskopu. Usimsikilize, hata kama ni mjomba wako. Ukifanya hivyo, bodi nzima ya chuma ya osiloskopu inakuwa laini, na wewe ndiye unayeigusa. Kinachotengwa ni chaja: iwashe kupitia transfoma ya kutenganisha ya 240 kwa 240, au tumia kipimio cha tofauti. Hata hapo mkono mmoja mfukoni, na kapasita kubwa itolewe chaji kwa resista kabla ya kugusa, maana hubaki na volti zake baada ya plagi kutoka.

Hapa balbu ya mkongwe inastahili saluti. Balbu ya kizamani ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfululizo na chaja inayojaribiwa, ni kipimo na fyuzi kwa pamoja: ikimulika kidogo na kufifia, heri, ikiwaka kikamilifu, kuna shoti na hakuna kilicholipuka. Siku hizi LED zimezifukuza madukani, kwa hivyo ukiiona kwa fundi imeviringwa kitambaa usicheke.

Na hata usipolipuka, kipimio kinaweza kukudanganya. Ule waya mrefu wa kibano ni antena. Nasa ncha ya kipimio kwenye kibano chake chenyewe, usogeze karibu na transfoma inayofanya kazi. Ukiona wimbi, unatazama antena yako, na nusu ya "matatizo" uliyokuwa ukiyatafuta tangu asubuhi hayakuwepo.

1. Namba moja iliyoandikwa 1

Jeuri kuu ni tarakimu moja. Kwenye LTspice, kuunganisha koili mbili unaandika K1 L1 L2 1, na ile 1 ya mwisho, yaani k, inasema usumaku wote wa koili ya kwanza unapita kwenye ya pili, bila tone kuvuja. Haijatokea duniani. Ni tarakimu rahisi kuliko zote kuandika, na mwigo wake ni mzuri wa kutundikwa ukutani.

Tufanye hesabu ya chaja ya kawaida. Volti 340, koili ya milihenri 2, mosfeti imefunguka kwa mikrosekunde 3: mkondo unafika ampea 0.51. Kwa mapigo elfu 65 kwa sekunde, hiyo ni wati 17 hivi. Sasa tuseme asilimia 2 ya indaktansi inavuja, yaani mikrohenri 40, kiasi ambacho transfoma ya kiwandani haioni haya kuwa nacho. Mosfeti inafunga. Nguvu iliyo kwenye sehemu iliyovuja haiwezi kuruka upande wa pili, na mkondo katika koili ni mkokoteni wa viazi unaoshuka mteremko wa Bondeni: husemi "simama" ukasimama. Unaendelea, na njia pekee iliyobaki ni kuzijaza pikofaradi kama 50 zilizoko kwenye mosfeti yenyewe. Volti 340 za ukuta, pamoja na 100 zinazorudi kutoka upande wa pili, pamoja na 450 hivi za huo mwinuko: karibu 890. Mosfeti imeandikwa 600. Na kwenye mwigo wa k sawa na 1? Inasoma 440, shwari kabisa.

Ndiyo kazi ya kile kikundi cha dayodi, resista na kapasita kando ya transfoma, ambacho fundi mwenye haraka hukiruka akisema "hiki ni cha mapambo". Kinameza mwinuko huo. Kwenye mfano wetu ni theluthi moja hivi ya wati, kidogo cha kutosha kudharauliwa. Resista yake ikichakaa, mosfeti mpya inaishi hadi mteja afike stendi.

Kuupata uvujaji hakuhitaji shahada. Funga shoti koili ya pili kwa waya mfupi mnene, pima indaktansi ya koili ya kwanza kwa mita ya LCR, kwenye kilohertsi 10 au 100 na siyo hertsi 100. Kinachosomeka ndicho kilichovuja. Gawanya kwa indaktansi ya kawaida, toa kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili: kwa asilimia 2 unapata k ya 0.99. Andika hiyo badala ya 1, ongeza pikofaradi 50 za mosfeti, na tazama. Ghafla mwigo unaanza kutikisika kwa megahertsi 3.6 hivi kila mosfeti inapofunga, mtikisiko ambao osiloskopu inauonyesha mezani. Usipolingana, kumbuka kipimio chako kimeongeza pikofaradi 10 au 15 zake, ziandike nazo.

Programu ikikulalamikia kwamba hatua ya muda imekuwa ndogo mno, nayo inadai haki yake: umeipa swichi inayokata kwa sekunde sifuri na koili isiyo na ukinzani. Weka omu chache na pikofaradi chache za kweli, itatulia. Hapo kijana na mkongwe wanatazama picha moja.

Wateja, nanyi sikieni. Fundi akikuambia acha chaja au inveta hadi kesho aipime, iache. Na ukirudi ukakuta hakuna kilichobadilishwa ila amejua ni resista ya shilingi tano, mlipe kazi ya kupima, usimlipe resista.